Chuma Ndani ya Maziwa

Swakopmund, 4 Februari 1996

Baba mdogo Gerson,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje, miguu juu ya kigoda, siyo unazunguka zizini kama daktari alivyokukataza. Nisalimie shangazi Jakoba, mwambie kitambaa cha gauni lake nimekipata, kile cha maua mekundu, nitampa dereva Uazuvara akipita. Mimi mzima. Mtoto mzima pia, ana miezi miwili sasa. Ananyonya kama ndama, halafu analala mimi nikiwa kazini na kuamka nikitaka kupumzika. Mwenye nyumba ya wageni ameniruhusu kuja naye, kwa hiyo nafua mashuka ya watalii huku yeye yuko kwenye kikapu cha nguo. Kikapu cha nguo safi, usianze.

Baba yake alirudi kaskazini na hajajibu barua hata moja. Hakuleta ng'ombe, basi mtoto ni wa nyumba yetu, na mtunza moto mtakatifu wa wazee wetu waliotangulia ni wewe. Kliniki wamemwandika "mtoto wa Mbitjita" mpaka umpe jina. Najua atakuwa Albrecht, kama marehemu baba, kama babu, kama baba yake babu.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Juzi nilipita duka la vitu vya kale mjini. Dirishani kuna mapanga ya askari wa farasi, kofia, filimbi za kuitia mbwa, na medali. Nikaiona medali yetu. Nikaingia. Mwenye duka ni bibi wa Kijerumani, anaitwa Bibi Dornhege. Nikatoa ile picha yako ya gwaride la kuwakumbuka wazee kule Okahandja, umevaa koti la kikosi na medali kifuani. Nikamwambia, "Kama hiyo yako, sisi tunayo. Babu wa baba yangu aliivua kifuani mwa Kapteni Hasselrode kwenye vita na Wajerumani pale Ohamakari, baada ya kumpiga risasi." Nilisema kwa sauti, baba mdogo, maana wateja walikuwemo na nilitaka wasikie.

Bibi akaniuliza, "Ohamakari, mwezi wa nane mwaka 1904?"

"Ndiyo."

"Soma hapa, binti."

Akaweka kidole kwenye medali, chini ya kile kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita. Imeandikwa 1904 mpaka 06.

"Aliyekufa mwaka wa nne anavaaje medali ya mpaka mwaka wa sita?"

Mteja mmoja akasema, "Labda alifufuka." Wakacheka wote.

Hakuishia hapo. Akasogeza picha yako karibu na macho. "Hii yangu ni ya shaba, walipewa waliopigana. Yenu inaonekana nyeupe. Ni chuma?" Nikasema ni chuma. Akasema za chuma walipewa watu wa maghala, wa hospitali, wa bandari. Watu ambao hawakusikia risasi.

Nilitoka masikio yanawaka. Tafadhali itazame yetu, usome mwaka, uniambie nimjibu nini yule bibi.

Mwanao,
Mbitjita

---

Okondjatu, 17 Machi 1996

Mwanangu Mbitjita,

Huku tupo. Mvua imenyesha nusu, imetunyima nusu. Yule ng'ombe mweupe mwenye doa amezaa jike. Miguu yangu imevimba lakini inanibeba. Shangazi yako anasema kitambaa akione kwanza ndipo ashukuru, maana mara ya mwisho ulimletea rangi ya maboga.

Sasa wewe. Unachukua picha yangu bila ruhusa, unaipeleka kwa Mjerumani akufundishe habari za nyumba yako! Ulitaka akuambie nini? Kwamba babu yetu alimwangusha mjomba wake? Msomi wangu wa kufua mashuka, ulikwenda mwenyewe kuomba kuchekwa.

Nikukumbushe, maana naona hewa ya bahari imekuosha kichwa. Kapteni Albrecht Hasselrode alishuka melini mwanzo wa vita. Alipigana Onganjira. Alipigana Oviumbo, farasi wake akafa. Alifika Ohamakari na mizinga, na hapo babu akamngoja nyuma ya mti wa miiba. Risasi moja. Akamvua medali, akachukua na jina lake, kwa sababu ukimshinda mtu unachukua chake chote. Ndiyo maana kikosi chetu kinavaa nguo zao mpaka leo. Hatukuazima, tulizivua. Hivyo ndivyo nilivyosimulia mbele ya bendera nyekundu za gwaride miaka yote, na hakuna aliyenyanyua mkono kuniuliza mwaka.

Mwaka ulioandikwa ni mambo ya Wajerumani. Wao huandika wanavyotaka.

Mlete mtoto Pasaka. Nitaitia medali kwenye kibuyu cha maziwa ya mgando, ilale humo, asubuhi nimwonjeshe mbele ya moto na kumtajia wazee jina lake. Alifanyiwa baba yako, nilifanyiwa mimi, na wewe ulinyweshwa ulipougua surua ukapona. Miguu hii haitanisubiri sana.

Baba yako mdogo,
Meja Gerson Tjakuva

---

Swakopmund, 28 Machi 1996

Baba mdogo,

Shikamoo. Mtoto amepata kikohozi, sasa kinapungua. Kitambaa kimeondoka na Uazuvara. Siyo rangi ya maboga.

Umeniandikia kurasa mbili na hukuniambia kama umeusoma mwaka. Nakujua. Usingekuwa umeuona ungeniandikia kwa herufi kubwa kwamba haupo.

Yale maziwa ya surua nayakumbuka. Yalikuwa na ladha ya msumari. Nilitaka kutema, ukanishika taya. Tangu nitoke dukani ladha ile imerudi mdomoni, nikinywa chai iko, nikila mkate iko. Kama hatukuivua vitani, basi tuliipata wapi? Chuma cha kifua cha nani nilichonyonya mimi?

Na jambo jingine. Tulipomzika bibi, shangazi Jakoba alikuona umeivaa, akasema, "Hata leo umevaa kile kichuma cha kambini?" Ukamwambia anyamaze. Nilikuwa nimebeba sinia la nyama, nilisikia. Kambi gani?

Pasaka siji mpaka unijibu.

Mbitjita

---

Swakopmund, 20 Mei 1996

Baba mdogo,

Hamjambo huko? Mtoto ameota jino, ananiuma.

Uazuvara ameniambia barua yangu alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma, ukaikunja, ukaenda kukagua uzio ambao hauna tatizo. Pasaka imepita. Kliniki wameuliza tena jina. Nesi amesema, "Mama, huyu mtoto ataanza shule anaitwa Mtoto?" Nilicheka naye, lakini nikiwa njiani machozi yakanitoka.

Sina haraka na wewe. Nina haraka na yeye. Nijibu.

Mbitjita

---

Okondjatu, 9 Juni 1996

Mbitjita,

Ng'ombe wazima. Baridi imeanza. Shangazi yako alivaa gauni jipya kanisani, akakaa mbele ili wote waone.

Barua yako alisomewa na binti wa jirani bila mimi kujua. Akaja kusimama mbele yangu na fimbo yake. "Gerson, utamwandikia au nitakwenda mwenyewe Swakopmund kwa miguu?" Nikamwambia miguu yake ni mibaya kuliko yangu. Akasema, "Basi nitafika nikiwa nimekasirika zaidi." Kwa hiyo naandika. Usidhani ni wewe umenishinda.

Yule Kapteni hakupigana. Onganjira hakufika, Oviumbo hakufika. Aliteguka mguu siku alipoteremka melini, haukupona vizuri, wakampa kazi hapo hapo bandarini kwenu. Maghala, nyumbu, na ile kambi walimofungwa watu wetu. Vita yake yote ni hiyo. Wenzake wa mstari wa mbele walimcheka.

Babu alifika kambini akiwa mtoto, labda wa miaka kumi, pamoja na mama yake, wametoka jangwani walikofukuziwa. Kapteni akamwona ana macho mepesi, akamtoa, akamweka jikoni kwake. Akampa jina lake mwenyewe, Albrecht. Alisema mbwa wake ana jina la rafiki yake, na huyu wa jikoni atakuwa na jina lake yeye, ili kila mtu ajue ni mali ya nani. Mtoto alilala na yule mbwa. Alikula kilichobaki kwenye sahani, kambini wakila mchele mbichi usio na sufuria ya kuupikia. Alipiga rangi buti na kung'arisha vifungo. Alijifunza Kijerumani upesi, basi asubuhi Kapteni akisimama na mguu wake mbaya, mtoto ndiye aliyeita majina. Huyu reli. Huyu mizigo ya bandarini. Huyu asiyeweza kusimama, abaki.

Wakubwa walipotoa medali Kapteni akapewa ya chuma. Aliona aibu kuivaa mbele ya wenye shaba. Siku ya kuondoka akamtupia mtoto. "Chukua. Wewe umeifanyia kazi kuliko mimi." Akapanda meli.

Basi umejua. Baadaye watu walipounda vikosi na kuvaa zile nguo, kila mtu alikuwa na habari ya kusimulia, naye akatafuta yake. Ungemtaka asimulie hiyo?

Mengine siyaandiki. Alikuwa mtoto. Alikula ndiyo maana mimi nipo, ndiyo maana wewe upo na huyo wako mwenye jino. Usije ukamtemea mate babu yako.

Gerson

---

Swakopmund, 23 Juni 1996

Baba mdogo,

Asante kwa kuandika. Mwambie shangazi namshukuru yeye na fimbo yake.

Barua yako niliisoma mahali pa kuanikia, nikairudisha mfukoni. Kisha nikanawa nikamnyonyesha mtoto, maana yeye hajui habari hizi, yeye anajua njaa. Kesho yake mgeni mmoja akaniachia sahani yake ya nyama, ameuma nusu, akasema nimpelekee mtoto. Mtu mwema, hakuwa na nia mbaya. Nilishika ile sahani mikono ikaniwasha. Niliimwaga kwenye pipa na mfupa wake.

Babu simtemei mate. Soma hapa vizuri, urudie: simtemei. Nina mtoto mgongoni, naijua shingo ya mtoto ilivyo nyembamba. Mtoto wa miaka kumi ukimpa chakula na mahali pa kulala atakuita unavyotaka, na atawaita wengine unavyotaka. Ninayemwona mchafu ni yule Kapteni mwenye mguu mbaya, aliyemfundisha mtoto kazi yake kisha akamlipa na takataka asiyoitaka mwenyewe.

Na kinyaa kingine ni juu yetu. Mzee alificha aibu yake, sawa, ni yake. Lakini sisi tumeichukua ile takataka tukaitia kwenye maziwa. Tumeitia kwenye midomo ya watoto wachanga, mmoja baada ya mwingine, mbele ya moto, tukaita nguvu. Na wewe ulijua! Ulinishika taya ukijua. Wazee wamekuwa wakitajiwa jina la Hasselrode kila mtoto wetu akizaliwa, na labda huko waliko wanashangaa huyu Mjerumani ana watoto wangapi.

Jina la baba yangu nilikuwa nalipenda kwa sababu ya baba yangu. Litakwenda naye. Halishuki kwa huyu.

Nitamleta kwenye moto, kwa sababu bila moto hana kwao. Lakini sharti langu ni hili: medali isiguse maziwa, na jina la Kapteni lisitajwe. Ninataka jina ambalo babu aliitwa na mama yake, kabla ya jikoni. Hakuzaliwa Albrecht. Mama yake alimwita nani? Ndilo nitakalompa mwanangu, yule mtoto aitwe tena na mama.

Mbitjita

---

Okondjatu, 28 Julai 1996

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimepunguza chumvi kama daktari alivyosema, sasa kila kitu kina ladha ya karatasi. Shangazi yako anafurahi kunitesa.

Nimeifikiria barua yako muda mrefu. Una mdomo kama wa mama yako, lakini umesema kwa adabu, sitakugombeza. Njoo baada ya gwaride la Okahandja, nitakuwa nimerudi na watu watakuwa wapo. Maziwa yatakuwa maziwa. Jina la Kapteni halitatajwa.

Hilo jina la kwanza silijui. Chagua jingine lolote la ukoo, nami nitalisema mbele ya wazee.

Usichelewe, na mtoto umfunike vizuri, kuna upepo.

Baba yako mdogo

---

Swakopmund, 10 Septemba 1996

Baba mdogo,

Tumefika salama. Mtoto ana mafua ya vumbi.

Uazuvara amenieleza unayowaambia watu, kwamba nimeondoka kwa kiburi cha mjini na kuwatia aibu wageni. Basi nayaandika yaliyotokea, ili ukiyasimulia kwa namna nyingine ujue yapo mahali yameandikwa.

Nilifika na gauni langu refu na kilemba, mtoto amefungwa blanketi jipya. Shangazi alikuwa ameuwasha moto tangu alfajiri. Ulikuwa umevaa koti la kikosi na medali haikuwa kifuani. Niliona matundu mawili madogo kwenye kitambaa mahali ilipokuwa inakaa, nikashukuru kimoyomoyo. Nikasema, mzee amenisikia. Nilikuonea hata huruma, baba mdogo, kifua chako kilionekana kitupu kama ukuta ulioondolewa picha.

Ukapiga goti, pamoja na miguu ile. Ukawaambia wazee mtoto wa nyumba amekuja. Ukaonja maziwa. Ukanisogezea kibuyu nimwelekezee mtoto mdomoni.

Nikasema, "Ngoja, tumbo lake halijazoea mgando, nionje kwanza kama haujachacha sana."

Ukasema, "Hauna neno, mpe."

Ulisema haraka mno. Nikaonja. Msumari.

Nilikutazama na wewe ukatazama moto. Nikainamisha kibuyu pole pole, na kila mtu akasikia kitu kikigonga ndani. Shangazi akasema, "Gerson! Mwanamume mzima!" Ukamwambia, "Nyamaza, wazee wanasikia." Nami nikasema, "Wanasikia kweli. Wamesikia ilivyogonga."

Sikumwaga maziwa yako chini, ijapokuwa mkono ulitaka. Nilikiweka kibuyu mbele yako kikiwa kimejaa. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda barabarani kungoja gari. Hicho ndicho kiburi changu.

Uliniahidi kwa mkono wako mwenyewe. Ukanituliza moyo kwa maneno, ukanigeuza mimi, mama yake, niwe wa kumtia kile kitu mdomoni. Hilo ndilo linalonichefua kuliko chuma. Yule Kapteni naye alipenda kutumia mikono ya wengine.

Mtoto hakuonja. Hana jina. Sitamrudisha.

Hata hivyo ile dawa ya miguu niliyokuletea iko kwenye mfuko wa shangazi. Pakaa asubuhi na jioni, usiache.

Mbitjita

---

Okondjatu, 20 Oktoba 1996

Mbitjita,

Leo sina habari za ng'ombe.

Niliogopa. Kila aliyepita mbele ya moto ule alionja chuma kile, na nyumba ikasimama. Nilidhani nikikiacha, mzee atauliza, "Mtoto huyu ni wa nani, mbona hana alama yangu?" Wewe unamwogopea mtoto kwa upande wako, mimi nilimwogopea kwa upande wangu. Usiku ule nilijiambia ataonja mara moja tu, mama yake hatajua, na sote tutapata tunachotaka. Wewe ukaonja.

Nilikuandikia kwamba jina silijui. Nalijua. Baba yangu aliniambia mara moja, nikiwa kijana, na hakurudia tena mpaka amekufa. Yale niliyosema siyaandiki nayaandika sasa, maana jina haliwezi kuja peke yake.

Mama yake aliitwa Kataree. Alikuwa kambini muda wote mtoto yuko jikoni. Walionana kwenye mstari wa asubuhi. Yeye alikuwa akijipanga mwisho ili mtoto amfikie akiwa amechoka kuita, sauti ikiwa ndogo. Siku moja Kapteni alitaka wanawake wa kuvuta mabehewa bandarini, akaamuru waitwe wa mwisho kwanza. Mtoto akamwita. Alimwita kwa jina lake, Kataree, kwa sababu kumwita mama mbele ya Kapteni kungewafichua. Naye akaitikia kama mtu asiyemjua. Lakini alipopita karibu akasema kwa sauti ya chini, "Kaevarua, umefunga kifungo vibaya." Akaenda kuvuta. Jioni hakuwa kwenye waliorudi. Waliokufa kambini walizikwa mchangani, huko huko kwenu, nyuma ya nyumba za mji.

Kaevarua. Ndilo jina. Baba alisema mzee alilia mara moja tu katika maisha yake, na ilikuwa kwa sababu ya kile kifungo cha nguo.

Medali ipo kabatini, nimeifunga kwenye soksi. Kwenye koti sitairudisha. Kuitupa siwezi. Usiniombe hilo, mwanangu. Bado ni kitu alichokishika.

Mtoto amepona mafua?

Gerson

---

Swakopmund, 3 Novemba 1996

Baba mdogo,

Mafua yamekwisha. Ana meno manne na anatambaa mpaka chini ya mashine ya kufulia, nimemfunga kamba ndefu kiunoni kama mbuzi, wenzangu wananicheka.

Barua yako niliisoma mara moja ikanitosha. Sikuombi uitupe. Kaa nayo kama unaweza. Lakini ikiwa ndani ya nyumba ile, mwanangu haingii, na hilo sitalibadilisha hata ukiniita kwa machozi. Wewe ukitaka kumwona, gari la Uazuvara linakuja huku kila mwisho wa mwezi. Kitanda kipo. Nitakupikia bila chumvi.

Jumapili nilikwenda huko nyuma ya nyumba za mji. Nimeishi hapa miaka minne na nilikuwa nikipita kando nikienda kazini, nadhani ni mchanga tu ulioletwa na upepo. Vilima vidogo vidogo, vimepangana, havina jiwe wala jina. Kuna alama za matairi juu yake, vijana wa mjini wanaruka na pikipiki hapo. Chupa za bia zimejaa. Niliokota nilizoweza mpaka mfuko ukapasuka. Kimoja kilikuwa na alama mpya za matairi, meno yake bado yanaonekana, na nilisimama pale nikahisi kinyaa ambacho sina neno lake, cha nchi nzima.

Sikuwa na moto. Sikuwa na kibuyu, na mimi ni mwanamke tu, najua siyo kazi yangu. Nilikuwa na maji kwenye chupa ya mtoto. Sijui kilima chake ni kipi, basi nikachagua cha mwisho kwenye mstari. Nikaonja maji, nikamwonjesha mtoto, nikamwaga yaliyobaki. Nikasema, "Bibi Kataree, huyu ni Kaevarua. Hajamwita mtu yeyote bado. Nimekuja umwone."

Yeye alikuwa ameketi pale anapiga mchanga kwa viganja. Akachota, akatia mdomoni. Nikamfungua kinywa, nikautoa kwa kidole, akanikasirikia, akalia kwa nguvu mpaka mtu mwenye mbwa akageuka kutazama. Nikamwita kwa jina lake anyamaze. Hakunyamaza, hajalizoea. Nikamwita tena.

Mbitjita